Nyaya Mbili za Veneranda

Niseme mapema tusije tukagombana mwishoni: Veneranda Kalinga ni fundi baiskeli wa Ipogolo, ni mama yake Happy, na ndege yake hakuna mwanamume aliyemtengenezea. Nimechoka kuulizwa. Mimi nauza viatu vya mitumba ukuta kwa ukuta na karakana yake, na yote nimeyaona kwa macho yangu haya.

Ilianza mwaka juzi, mwalimu mmoja aitwaye Obeid alipomletea ndege ndogo ya jeti iliyovunjika mkia, zile zinazorushwa kwa rimoti. Usidhani ni mdoli. Ina urefu wa meza ya kulia chakula, na ikipita juu yako unainama bila kupenda. Ndani yake kuna mota ndogo zinazopokea amri ya rimoti, na kila mota imeungwa kwa kifito chembamba na kile kipande cha bawa au cha mkia kinachopinda ili ndege igeuke. Kifito kikilegea, ndege haina dereva. Obeid alitaka kifito kimoja tu kiungwe. Mama Happy akakiunga, akamrudishia mwenyewe mali yake, halafu akaanza kujenga ya kwake.

Nilimcheka, nakiri.

Ile ya kwanza aliiga ya Obeid kila kitu. Vifito vya dukani hakuvipata Iringa nzima, kwa hiyo akaweka spoki za baiskeli mahali pake. Akaenda kuirusha shambani, njia ya Tosamaganga, mahindi yakiwa yameshavunwa. Ilipanda vizuri. Akaielekeza chini kwa kasi, akaiamuru inyanyue pua, na pua haikunyanyuka. Spoki ilikuwa imepinda kama tambi. Ndege ikajichimbia ardhini. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao akachekwa, na video ikazunguka kwenye simu mpaka Makambako. Nami nikamwongezea yangu: "Mwiga tembo hupasuka msamba, dada." Siku tatu hakunisemesha.

Siku ya nne akaniita kwa salamu ya Kihehe. "Kamwene. Njoo ushike huku." Akanipa ncha ya spoki. "Sukuma." Nikasukuma, ikapinda. Akanipa nyingine. "Haya, hii vuta." Nikavuta mpaka vidole vikauma, spoki haikufanya chochote.

"Baiskeli inapandisha magunia mawili ya mkaa mlima huu," akasema, "na hakuna spoki hata moja inayosukuma. Zote zinavuta. Hilo nalijua tangu nina miaka kumi na mbili. Nikalisahau kwa sababu nilikuwa naangalia ndege ya mtu."

Akachukua waya wa gia, akaufumua, akasokota upya nyuzi chache mpaka ukawa mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Akajenga ndege ya pili, na kila kipande kinachopinda akakifunga nyaya mbili, mmoja unakivuta huku, mwingine unakivuta kule. Spoki zote akazitupa.

Mwezi wa saba chama cha warusha ndege kilifanya ukaguzi wake Mbeya, kwenye uwanja wa nyasi upande wa Uyole. Ni mara moja kwa mwaka. Asiyepita haruhusiwi kurusha kwenye kiwanja chochote cha chama, na wenye mashamba wa Iringa walishamkataza tangu ile ajali. Akikataliwa, ndege inakuwa pambo la sebuleni. Nilimsindikiza, nikiwa nimebeba bawa la kushoto.

Mkaguzi, Mzee Gideoni, alichungulia ndani ya ndege akarudi nyuma. "Wewe si ndiye yule wa spoki? Mama, hapa hatufungi vitu vya baiskeli."

"Hizo si spoki, mzee. Zishike."

"Sina haja ya kushika."

Obeid, ambaye naye alikuja kukaguliwa, kwa wema wake akaleta fito zake za akiba. Akamwambia azifunge, jioni atakuwa amepita. Na mimi, msaliti mkubwa, nikamnong'oneza akubali. Tumetoka mbali, nikasema.

"Ndiyo, tumetoka mbali," akajibu kwa sauti, kila mtu asikie. "Ile iliyoanguka ilianguka kwa sababu niliiga yenu. Siigi tena. Mzee, umenikagua kwa macho tu. Weka mkono, au uwaambie hawa wote kwamba unaogopa."

Mzee Gideoni akaweka mkono. Akatikisa usukani wa mkiani atafute kama unacheza. Haukucheza hata unywele. Akauning'inizia chupa ya maji ya lita moja na nusu, ukashika. Akatafuta neno. "Na waya ukikatika angani?"

Mama Happy akatoa koleo mfukoni akaukata waya mmoja pale pale. Akashika rimoti: usukani ukapinda kushoto, akausukuma kwa kidole kama upepo ufanyavyo, ukarudi katikati, ukapinda tena kushoto.

"Ukikatika mmoja, nageuka kushoto. Nitazunguka kushoto mpaka nitue. Kifito chako kikikatika, mzee, wewe unageuka wapi?"

Mzee akasema, "Funga mwingine. Urushe. Fomu nitajaza nikiona."

Akafunga. Ndege ikapanda mpaka ikawa ndogo, kisha akaielekeza chini, kasi ile ile ya Tosamaganga, na sikuweza kuangalia. Niliposikia watu wanapiga kelele nikafumbua macho: pua ilikuwa juu, na ndege inapita mbele yetu inanguruma. Nililia, na sioni haya kusema.

Alipotua, Mzee Gideoni alikuwa ameshajaza fomu na kutia saini. Akamkabidhi. Mama Happy akaisoma mstari kwa mstari, akafika palipoandikwa aina ya viungo, akasimama. Palisomeka: *vya kienyeji*.

Akairudisha mezani.

"Mama, umepita," mzee akasema. "Chukua uende."

"Kienyeji ni kuku, mzee. Hivi vina aliyevitengeneza. Futa hapo, andika Veneranda Kalinga, fundi, Ipogolo. Kalinga ni kwa K."

Mzee akamtazama, akatutazama sisi, akafuta, akaandika.