Mpandisha Bendera ya Kijani

Sello alikuwa mtoboa mwamba, Msotho wa milimani, na Jumapili yeye ndiye aliyeongoza ngoma pale bwenini kwa wachimbaji. Siku jiwe lilipomponda mguu huko chini mgodini, daktari alimwambia waziwazi: alale, auinue mguu, asiukanyagie mpaka kidonda kifunge. Akifanya ujeuri, ataupoteza.

Lakini langoni mwa mgodi kulikuwa na bendera. Ikiwa ya kijani, hakuna mtu aliyekosa zamu kwa kuumia. Akikosa mmoja tu, inapandishwa nyekundu. Na timu iliyomaliza majira ya baridi kwa kijani ilichinjiwa ng'ombe na kampuni. Baridi ilikuwa inakaribia kwisha.

Kobus, msimamizi wa usalama, akamfuata bwenini akitabasamu.

"Nimekuonea huruma, Sello. Nimekupa kazi nyepesi. Unakaa kwenye kiti, unapandisha bendera. Basi."

"Daktari kasema nilale, bosi."

"Kwani kukaa si kupumzika?"

Kupumzika! Mguu unaning'inia, umevimba mpaka vidole havionekani, ndiyo mapumziko hayo! Sello akamgeukia Ralebitso, kiongozi wa timu yao, waliyetoka naye kijiji kimoja. Alijua huyo atamtetea.

Ralebitso akacheka, akamwita kwa heshima ya Kisotho. "Ntate Sello, usituharibie bwana! Ng'ombe tumwone kwa macho tu?" Akachuchumaa, akampa mgongo. "Panda!"

Wenzake wakashangilia. Sello akapanda, naye akicheka, maana nani anataka kuitwa mchawi aliyewanyima wenzake nyama?

Ikawa hivyo kila asubuhi. Wanambeba kwa zamu, wanamtua mlingotini, anavuta kamba, anautangazia ulimwengu kwamba hakuna aliyeumia. Usiku hakulala kwa maumivu. Kidonda kilipoanza kunuka, Kobus alihamishia kiti upande wa pili wa mlingoti, upepo usimletee harufu. Huruma yake iliishia hapo.

Mwishowe Sello akaanguka kutoka kitini, anaweweseka. Wakamkimbiza hospitali.

"Homa si ajali," Kobus akasema, na bendera ikabaki kijani.

Baridi ikaisha, ng'ombe akachinjwa, na Jumapili Ralebitso na wenzake wakaja wodini na sufuria. Wao waliambiwa homa tu. Kwa Wasotho, kichwa na miguu ya ng'ombe ni vya wanaume, havigawiwi ovyo, na siku hiyo walikuwa wamemwekea yeye.

"Sehemu ya heshima hii, ntate. Bila wewe ng'ombe huyu tusingemla." Ralebitso akafunua. Makongoro, yameiva, yanatoa mvuke.

Sello akayatazama. Kisha akalivuta blanketi kando. Chini ya goti hapakuwa na kitu, ila bandeji.

Mfuniko ukamponyoka Ralebitso. "Jamani... Hatukujua, ndugu yangu. Haki ya Mungu hatukujua!"

"Mlikuwa mnanibeba mgongoni kila siku," Sello akasema. "Pua zenu mlizitia wapi?"

Ralebitso akauokota mfuniko, akafunika. Waliondoka na sufuria yao.