Tumbo Lililokataa Muhogo

Nina jambo la kukiri, maana kijiji kizima kimeshalijua.

Nilipohamishiwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa karibu na Kilambo, Bi Somoe ndiye aliyepewa kazi ya kunipikia. Siku ya kwanza aliniletea ugali wa muhogo. Harufu yake ilinishinda, nikaona haya kusema. Nikamwambia muhogo unanidhuru: nikiuonja tu, tumbo hujaa na vipele hunitoka.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Sasa tutafanyaje?"

Alihangaika kweli. Mchele ulikuwa haba, naye akaanza kuniokea mikate midogo kwa tui la nazi, makaa chini na makaa juu. Kila asubuhi nilimaliza minne. Nikanenepa.

Juzi, katika darasa la kisomo cha watu wazima, ambamo Bi Somoe naye husoma, akina mama waliniuliza mashavu yale nimeyapata wapi. Nikatoa mkate niliokuwa nao, nikaumega, nikautia kinywani. Nikamsifu Bi Somoe kwa kuiweza ngano, nikamwomba asimame awafundishe wenzake.

Alisimama, akatazama chini.

"Ngano gani, Mwalimu? Dukani iliisha kabla hujaja. Huo ni muhogo. Mwanzo nilichanganya kidogo tu na unga wa mchele, kwa hofu. Nikaona huumwi, nikaongeza. Sasa ni muhogo mtupu."

Darasa zima likanitazama.

"Na hivyo vipele, Mwalimu," bibi mmoja wa mbele akauliza kwa huruma, "hukutoka upande gani?"

Nami bado nilikuwa natafuna.