Siku Mama Temu Alipohutubia Mgwashi kwa Kishambaa cha Mashine

Jamani, aibu hii nimeikalia muda mrefu, mtu akiniuliza namjibu "aa, kulikuwa na kahitilafu kadogo tu kule Mgwashi" halafu nahamisha mazungumzo, lakini kwa kuwa mmeshaisikia kwa watu wengine, tena ikiwa imetiwa chumvi mpaka imekuwa kachumbari, bora niwasimulie mwenyewe niliyeipika.

Mnajua nafanya kazi kwenye kampuni ndogo pale Lushoto mjini, tunakausha matunda na kutengeneza jemu, na mimi ndiye ofisa mawasiliano (maana yake matangazo, barua, mitandao, na kumjibu kila anayepiga simu akiwa na hasira). Mkurugenzi wetu ni Mama Temu, mtu wa Moshi, mchapakazi, mkali kidogo, na siku hizo alikuwa ametoka semina Arusha, walikofundishwa jinsi biashara zinavyoweza kutumia akili mnemba. Alirudi amewaka. Kwenye kikao akatuambia kila idara ianze kuitumia, barua, matangazo, mikataba, kila kitu, tusiachwe nyuma. Kelvin wetu wa kompyuta akanyoosha mkono, akauliza, "Mama, na nani atakuwa anakagua kabla kitu hakijatoka nje?" Mama akasema hilo tutalijadili kikao kijacho. Kikao kijacho tukajadili choo cha wafanyakazi.

Sasa ulikuwa unakuja mkutano na wakulima wa Mgwashi. Tulitaka wasaini mkataba wa kutuuzia plamsi na peasi zao, na wao hawakuwa na hamu na sisi hata kidogo, kwa sababu kuna mnunuzi aliwahi kuwajia na maneno matamu, akabeba mzigo wa kwanza, wa pili ukamngoja barabarani mpaka ukaoza. Wakitukataa, kiwanda hakina matunda. Na kiwanda kisicho na matunda hakihitaji ofisa mawasiliano, hasa aliye bado kwenye kipindi cha majaribio, ambaye ni mimi.

Mama Temu akaniita ofisini.

"Naomi, nataka niwahutubie kwa Kishambaa chao. Wewe si Mshambaa? Jina lako la ukoo si linaanza na She?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema, mama, ni kweli marehemu baba alikuwa mtu wa Mgwashi, lakini mimi nimekulia Tanga mjini, Kishambaa changu ni cha kusalimia na cha kuitwa mezani, basi. Sentensi moja tu ingetosha. Badala yake nikasema, "Hilo tu mama? Niachie mimi."

Nikarudi mezani kwangu, nikaandika hotuba nzuri ya Kiswahili, nikailisha mashine, nikaiambia igeuze iwe Kishambaa. Kabla sijamaliza kukoroga chai ilikuwa imeshatema ukurasa mzima. Nikasoma. Mstari wa kwanza ulikuwa "Onga mshi", salamu ya mchana, hiyo naijua tangu nikiwa mtoto, nikafurahi. Kuanzia mstari wa pili sikuelewa kitu, lakini kutokuelewa Kishambaa kwangu ni jambo la kawaida, kwa hiyo halikunishtua (mnaona hatari ilipojificha?). Nikaiuliza mashine, una uhakika? Ikanijibu kwa adabu kabisa kwamba ndiyo, hiki ni Kishambaa fasaha kinachozungumzwa kwenye Milima ya Usambara. Mimi ni nani nibishane nayo?

Mama Temu aliipenda hotuba mno. Akataka iwe siri, awashtukize hata Washambaa wa pale kiwandani, akawa anajifungia ofisini akikariri kama mtoto wa kipaimara, mimi nikiwa nje nasikia anavyotafuna yale maneno. Halafu akapata wazo jingine: tuchukue sentensi moja ya hotuba tuichape kwenye bango na mgongoni mwa fulana za wafanyakazi. Nikasema wazo zuri, mama. Ningesema nini tena?

Fulana zikaja kutoka Tanga asubuhi ileile ya safari. Dereva wetu Athumani, ambaye ni Mbondei, na lugha yao ni ndugu na Kishambaa, akaikunjua ya kwake, akaisoma, akairudia.

"Dada Naomi, hiki Kishambaa cha wapi?"

"Cha ndani kabisa," nikamwambia. "Cha hukohuko Mgwashi."

Akaivaa. Lakini alinitazama kwenye kioo mpaka tunapita Soni.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa kanisa, na watu walikuwa wengi, kina mama na kanga zao mabegani kwa sababu ya ukungu, wazee kwenye mabenchi ya mbele, na kwenye mstari wa tatu, jamani, shangazi yangu Eliza, dada wa baba yangu, mtu pekee kwenye mlima mzima anayejua kwa uhakika kwamba Kishambaa sikijui. Nikamwamkia kwa mbali. Akanipungia mkono amejaa fahari.

Mama Temu akashika maiki. "Onga mshi!"

Uwanja ukaitikia kwa vigelegele, "Tiwedi!" Wazee wakageukiana wakitabasamu. Nikasema moyoni, Naomi, umepona.

Akaendelea na mstari wa pili. Wa tatu. Watu wakainamisha vichwa kidogo, kama mtu anayetegesha sikio lisilosikia vizuri. Wa nne, Mama akaongeza sauti, akafumba na macho kwa ajili ya kukumbuka, na hapo bibi mmoja wa kikundi cha maombi akainua mkono juu akasema, "Amina!"

Uwanja mzima, "Aminaaa!"

Mama Temu akadhani wanamshangilia. Akapaza zaidi. Wao nao wakapaza. Kuna mama alianza kulia machozi. Mimi nimesimama kando ya bango, nalitazama lile bango, natamani linifunike.

Alipomaliza, mwenyekiti wa wakulima, Mzee Zakayo, mzee mpole mwenye koti la kaki, akasimama taratibu.

"Tunakushukuru sana mama. Sasa tunaomba aliye na karama ya kutafsiri."

"Kutafsiri nini, mzee wangu?" Mama akauliza. "Si nimeongea Kishambaa?"

Mzee Zakayo akatazama chini. "Kishambaa tulikisikia kwenye salamu, mama. Baada ya pale tuliona umeingia kwenye maombi, umeanza kunena kwa lugha, ndiyo tukakusindikiza."

Ikaanza kazi ya kuitafuta lugha. Mmoja akasema labda Kipare, mfanyabiashara wa Kipare aliyekuwepo akasema, "Kwetu msiilete." Mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha Songea akasema kule pia haipo. Yule bibi wa maombi akashikilia kwamba ni ya malaika.

"Naomi," Mama Temu akaniita, na sauti yake ilikuwa imepoa kuliko ule ukungu. "Njoo uwatafsirie."

Nikashika maiki. Kiswahili cha hotuba nilikuwa nakikumbuka, ningeweza kudanganya tena na pengine ingepita. Nikaanza, "Mama anasema kwamba..." na shangazi Eliza akasimama kwenye mstari wa tatu.

"Naomi mwanangu, sema kweli. Wewe Kishambaa unachojua ni cha kuitwa kula."

Basi nikasema. Maiki ikiwa mdomoni, mbele ya kijiji cha baba yangu, nikasema hotuba imeandikwa na mashine, kwamba mimi nilisema najua lugha na siijui, kwamba Mama hana kosa. Watu walicheka, jamani! Walicheka mpaka mabenchi yakalia, Athumani akavua fulana yake akaigeuza ndani nje, hata Mzee Zakayo alitoa kitambaa akajifuta macho.

Lakini kuna mmoja hakucheka. Mama Yunisi, mwenye shamba kubwa la plamsi, alisubiri watulie, kisha akauliza, wala hakupaza sauti:

"Kama salamu mmeandikiwa na mashine, mkataba mnaotuletea tusaini umeandikwa na nani?"

Kicheko kikakatika. Mama Temu akanitazama. Mkataba ulitoka kwa mwanasheria wetu, na mwanasheria naye alikuwa kwenye kikao kile cha kuambiwa kila kitu kiandikwe kwa mashine. Nilidhani Mama atajitetea. Akasema, "Sijui. Niliusoma harakaharaka. Tuusome hapa pamoja."

Tukausoma. Yeye akisoma kwa Kiswahili, Mzee Zakayo akiwaambia wazee kwa Kishambaa (cha kweli). Vifungu vya mwanzo vikapita. Tukafika cha ukusanyaji wa mazao: kampuni itachukua plamsi kwa wakulima miezi ya Juni na Julai, na mkulima atakayeshindwa kuleta mzigo miezi hiyo atahesabika amevunja mkataba.

"Juni?" Mama Yunisi akasema. "Juni miti yangu haina hata jani. Plamsi ni Desemba mpaka Februari. Nikuletee nini Juni, kuni?"

Mama Temu akampigia mwanasheria palepale, simu ikiwa imewekwa kwenye spika. Mwanasheria akakiri kifungu hicho alitengenezewa na mashine, akakipenda kilivyoandikwa, hakumwuliza mtu yeyote plamsi zinaiva lini. Tungesaini siku ile, wale watu wangekuwa wavunja mkataba kabla ya tunda la kwanza kuiva, na sisi tungekuwa yule mnunuzi wao wa zamani, ila mwenye karatasi.

Mama akachana kile kifungu mbele yao, akaomba arudi na mkataba mpya utakaosomwa hivihivi, hadharani. Mzee Zakayo akasema, "Njoo, mama. Ila salamu tu ndiyo uifanye kwa Kishambaa." Baadaye shangazi Eliza alinivuta pembeni, nikajua sasa napigwa, akanipakulia makande na kuniambia baba yangu naye alikuwa na mdomo huohuo wa kuahidi.

Kwenye gari nilishaanza kupanga kichwani jinsi ya kuwaaga wenzangu kiwandani. Tukiwa kwenye kona za kuteremkia Soni nikasikia kitu kama kikohozi, kugeuka, ni Mama Temu anacheka, anacheka mpaka anashikilia kiti cha Athumani. "Na mimi nilifumba macho, Naomi! Nilifumba macho!"

Kisha akajifuta uso. "Kesho wewe na Kelvin mniandikie utaratibu. Mashine iandike inavyotaka, lakini hakuna kitu kinachotoka nje mpaka mtu anayelijua hilo jambo akisome na kuweka jina lake. Na kama hatuna anayejua, hakitoki."

Tukaandika. Wenyewe, kwa mkono, kwa Kiswahili tunachokielewa. Mkataba mpya ulisomwa Mgwashi, ukasainiwa, na Desemba lori letu lilishuka limejaa plamsi. Kazini nimethibitishwa, namshukuru Mungu kila nikilikumbuka lile bango.

Ila nimekoma. Siku hizi nikiulizwa kama najua kitu, navuta pumzi kwanza, halafu najibu: sijui, lakini nitamtafuta anayejua. Na nikishasema sijui, nawaambieni, usingizi wa usiku huo ni mtamu ajabu.