Yule Mwanaume Hakuwepo

Mimi si mtu wa kuota ovyo, na siku hiyo sikuwa mgonjwa. Ilikuwa mchana, jua la Kitengela limewaka mpaka mabati yanalia. Kwa hivyo kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, ndio tuendelee.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni, vijana fulani walikuja na kamera kwa ploti yetu. Walikuwa wanatengeneza filamu ya kutisha kuhusu mama mmoja wa Kimuka, aliyeuawa na mumewe miaka ya tisini. Hiyo kesi kila mtu aliijua. Mzee alitaka kuuza shamba, mama akakataa kwa sababu ya watoto, akauawa kwa shoka. Mzee naye akafia jela. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, na walisema nina mwili kama wa marehemu, wakaniomba niigize yeye. Nikakubali.

Lakini mambo ya shamba waliona hayana utamu. Wakamtafutia mama mpenzi. Kwa filamu, mzee anamfumania na huyo mwanaume, halafu anaua.

Wakachimba kaburi nyuma ya ploti, nikalala ndani wakanipiga picha. Walipotaka kulifukia nikawaambia, kwetu Kakamega kaburi likishachimbwa halifungwi tupu. Likikosa mtu, unazikwa mgomba ndani yake. Dairekta, kijana wa dredi, akacheka sana.

"Mathe, hapa Kitengela hata sukuma wiki inakauka. Mgomba nitatoa wapi?"

Wakafukia hivyo hivyo.

Haikupita wiki. Niko kwa mashine nashona, mlango wazi, mtu akasimama hapo akaomba maji. Kuinua macho, amevaa ile nguo niliyoigizia. Na hiyo nguo ilikuwa imetundikwa nyuma yangu, naigusa na mgongo! Haki ya Mungu. Mchanga ulikuwa unamwagika kutoka kwa pindo lake, lakini sakafu ilibaki safi. Nilimpa maji. Wewe ungefanya nini? Ungemnyima?

Alikunywa polepole, kama mtu ametoka kulima.

"Ulilala vizuri mahali pangu, asante," akaniambia. "Lakini huyo mwanaume mliyenipatia ni nani?"

Nikamwambia ni wa filamu tu.

"Mimi sikuwa na mwanaume mwingine. Nilikuwa na shamba na watoto wawili. Waambie wamtoe."

Kufumba na kufumbua, hayuko. Kikombe kilikuwa mezani, maji yamejaa.

Siku hiyo hiyo nilimwendea dairekta nikamweleza yote. Akaniangalia vile mtu huangalia mlevi. "Bila huyo jamaa, mathe, hakuna muvi." Filamu ikatoka, na mwanzoni wameandika kwa herufi kubwa: kisa cha kweli. Ilionyeshwa kwa vibanda vya video kutoka Kware mpaka Rombo.

Halafu binti ya marehemu akanitafuta. Msichana mpole, tayari mtu mzima. Baba zake wadogo walikuwa wameiona filamu, na sasa wanasema yeye na kaka yake ni watoto wa yule mwanaume wa filamu, shamba si lao.

"Auntie, wewe ndio uliigiza. Kuja uwaambie wazee."

Nikaenda. Kwa baraza ya chifu nikasimama nikasema huyo mwanaume aliongezwa na vijana wa kamera. Mzee mmoja akaniuliza kama nilimjua marehemu akiwa hai. Nikasema hapana.

"Basi umejuaje hakuwa na mtu?"

"Mwenyewe aliniambia."

"Lini?"

Ai, ningedanganya vipi? Nikasema, baada ya filamu. Watu walicheka mpaka chifu akapangusa machozi. Msichana hakucheka. Aliinama tu, akashika mkoba wake. Uongo wa vijana waliuamini wote, na mimi niliyesema kweli nikaitwa mwendawazimu.

Nimechoka, wacha niseme. Krismasi nilitoka nyumbani Kakamega na mgomba, nikauzika pale nyuma. Wapi! Mgomba ulichelewa. Kwa hivyo wewe, ukiona filamu imeandikwa kisa cha kweli, usihangaike na damu, damu ilimwagika kweli. Uliza ni nini wameongeza, na marehemu ameacha nani.

Shamba liliuzwa na hao baba wadogo. Wale watoto wamepanga chumba kimoja huko Kware. Na mpaka leo, jua likiwa kali, mama yao husimama mlangoni pangu. Haombi maji tena. Ananiuliza tu kama watoto wamelima, kwa sababu mvua imekaribia.