Ufagio wa Bingwa

Mtalaka wangu aliponifukuza, kile kibanda cha video tulichokijenga pamoja alibaki nacho yeye. Pazia la mlangoni nililishona mimi, na kazi ya kutafsiri filamu nilimfundisha mimi. Kichina cha filamu hizo hatukukijua, wala yeye wala mimi. Maandishi ya chini nayo sikuyasoma, maana shule sikupelekwa. Nilitazama macho na mikono ya watu, nikasimulia kwenye kipaza sauti.

Filamu ya bingwa haisimami kwa ngumi. Ngumi hata walevi wanazo. Mimi nataka huyo stelingi nimwone kwanza akifagia ua wa mwalimu wake, akipigwa mpaka anakoma. Akishakuwa bingwa, atukanwe, na mara ya kwanza apite bila kujibu, ashike tena ufagio. Hapo anayetafsiri afunge mdomo, watu wausikie ufagio.

Jumamosi moja sauti ya yule bwana ilikauka. Akamtuma mkewe mpya.

"Dada, mzee hana sauti, na ukumbi umejaa."

"Alipokuwa nayo, aliniita?"

"Dada yangu, mimi nimetumwa tu."

Nikaenda, si kwa kumhurumia. Nilitaka kipaza sauti kirudi mkononi mwangu, na watu wajue kazi ile ilianza kwa nani.

Fundi seremala, mteja wa benchi la mbele, akapayuka, "Leo anatafsiri mama? Basi stelingi atapika ugali!"

"Atapika, na vyombo utaosha wewe," nikamjibu kwenye kipaza sauti. Ukumbi ukaangua kicheko.

Filamu ikaenda. Bingwa akarudi kwao, akakuta mwalimu amekufa. Maadui wakamtemea mate miguuni. Akawatazama, akaokota ufagio wa marehemu, akaanza kufagia ua. Nikanyamaza. Muuza karanga akaacha kutikisa kopo lake. Fundi akajifuta uso na kusingizia vumbi la mbao, na kazini alikuwa ametoka tangu mchana.

Filamu ilipoisha wakapiga makofi. Mtalaka wangu, aliyekuwa ameegemea mlango, akakwaruza koo: "Mnaona? Huyo nilimfundisha mimi!"

Bingwa wa kwenye filamu angepita. Lakini mimi nilikuwa nimeshapita miaka mingi. Nikawasha tena kipaza sauti.

"Jamani, msitoke kwanza. Huyo bwana hapo mlangoni awaambie nani alimwonyesha kunyamaza pale kwenye ufagio."

Watu wote wakageuka. Mkewe naye akamtazama. Yule bwana akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Ameshajibu," fundi akasema. "Mama, kesho unatuanzishia saa ngapi?"

Nikachomoa waya, nikakitia kipaza sauti kwenye mkoba wangu.

"Saa kumi," nikasema. "Na mwenye kelele abaki kwake."