Diski Iliyonukia Udi

Kliniki yetu ya Tononoka ina seva moja, na mimi ndiye yaya wake. Nilipoanza kazi nilihubiri mpaka watu wakawa wananikwepa: kila kitu kiwe na pacha, na pacha wasilale nyumba moja. Basi nikanunua diski mbili za nje. Moja hubaki kazini kunakili rekodi za wagonjwa, ya pili huenda nami Kibokoni ninakopanga chumba, na kila siku nikirudi nyumbani kula cha mchana nazibadilisha.

Mwenye nyumba, mjane ninayemwita Bi Mkubwa, aliipokea diski kama mgeni. Aliilaza kwenye kasha lake la harusi, kati ya leso na udi, akafunga. Ufunguo ule haukutoka shingoni mwake; kila siku alinifungulia yeye mwenyewe. Hata binti zake hawakuwahi kuushika. Mimi mwanamke wa kutoka Taita nilicheka tu: diski ilikuwa inalala pazuri kuliko mimi.

Alasiri moja stima ilikatika, ikarudi kwa kishindo, ikaunguza seva pamoja na diski iliyochomekwa. Benchi zima la wagonjwa lilikuwa linangoja, na daktari hakujua nani anadhuriwa na dawa gani. Nikarukia tuktuk. Nyumbani kasha limefungwa, Bi Mkubwa yuko harusini mtaa wa pili, na hashiki simu. Kwenye harusi za wanawake simu huachwa mlangoni, watu wasipigwe picha.

Nilipofika mlangoni nami nikanyang'anywa yangu, daktari akiwa bado anapiga. Ndani wanawake walinivuta mkono hivyo hivyo nilivyovaa suruali yangu ya kazi, wakaniketisha, wakaniwekea sahani ya biriani. Nilichemka. Wakaniambia haraka haraka haina baraka. Nikawaponyoka, nikapenya kati ya madera hadi kwa Bi Mkubwa, nikamweleza. Alinitazama kidogo, akauvua ufunguo, akanitia kiganjani. Hata hivyo hakuniachia mpaka nile tonge moja. Lo, ilikuwa tamu.

Kabla ya Magharibi rekodi zote hadi za mchana ule zilikuwa zimerudi kwenye kompyuta ya akiba. Daktari aliuliza mbona diski inanukia kama bi harusi.

Ufunguo nilimrudishia usiku huo huo. Kesho yake akaniita, akanipa mwingine, mpya, umechongwa sawasawa na ule wake.

"Si wewe usemaye kila kitu kiwe na pacha, mwanangu?" akasema. "Haya, huu wako."

Nikauvaa shingoni.