Nilichomoa jiwe la mfongo kule Mwika, mwanangu akiwa amelala ndani ya gari

Wakuu, habari za humu ndani. Kwa kawaida mimi ni msomaji tu, nacheka na kupita. Leo naandika kilichonikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo.

Mimi ni Mchagga wa Pasua. Maana yake nimezaliwa Moshi mjini na shamba la kahawa nalijua kwa kupita na gari. Baba ndiye wa huko juu. Mimi napanda Krismasi, nakula nyama, nashuka. Jembe sijawahi kushika.

Likizo hii tuliazima Hiace ya rafiki yangu, ameigeuza camper: kitanda nyuma, jiko la gesi, tenki dogo la maji. Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na binti yetu Glory, miaka minne. Plan ilikuwa kuzunguka mlima pole pole kama watalii.

Siku mbili za kwanza tulikaa Marangu. Maporomoko, maduka ya vinyago, kahawa inatwangwa mbele ya wageni. Vijana walinisemesha Kiingereza, nikawajibu kwa Kichagga changu kibovu, wakacheka mpaka basi. Tulienjoy, sitaki kudanganya.

Siku ya tatu tukaenda Mwika kutafuta utulivu. Mama mmoja mtu mzima, Mama Manka, akatukubalia tupaki pembeni ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kwenye uwazi kati ya migomba na korongo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza ukoo. Nilipoutaja akafurahi, akasema basi huyu ni wa nyumbani, hana haja ya kuelekezwa.

Asingenihesabu wa nyumbani, angenielekeza.

Handbrake ya lile gari ni dhaifu, na mwenyewe alishaniambia niwe naweka jiwe. Pale pana mteremko. Gari lilitazama juu, nyuma yake korongo, kama hatua kumi hivi.

Nikapanda juu kidogo kutafuta jiwe. Nikakuta mtaro mkavu, na ubavuni mwake mawe mazuri yamepangwa na kushindiliwa tope na magome ya mgomba. Nikachomoa moja bapa. Lilitoka kwa shida, nikalishusha na kuliweka nyuma ya tairi, nikajiona mwanaume kweli kweli.

Wenye asili ya huko najua mmeshashika kichwa.

Kwa wengine: ule ni mfongo, mfereji wa asili unaoshusha maji ya mlima mashambani. Maji yanakuja kwa zamu, na yale mawe ndiyo mlango. Yanazuia maji yasiingie upande ambao si zamu yake. Upande niliouzibua ulikuwa unashuka moja kwa moja hadi nilipopaki.

Baada ya chakula cha mchana Glory alilala. Mke wangu akashuka dukani, barabarani kule chini, akaniambia nisitoke mpaka arudi. Nikasema sawa.

Mara mawingu yakafunguka, Kibo ikatokea nyeupe yote. Nikasema dakika mbili tu, nipige picha. Nikafunga mlango kwa ufunguo ili mtu asimsumbue mtoto, nikapanda juu.

Nikiwa huko nikasikia maji. Sauti nzuri kabisa. Nikarekodi hata video, wakuu, huku nikijiambia hii nitaiweka status.

Nilipogeuka kuangalia gari, maji yalikuwa yanapita chini yake.

Lile jiwe langu sikuliona tena, lilikuwa limezama kwenye tope. Na gari lilikuwa linarudi nyuma. Taratibu, kama linasukumwa na mtu asiye na haraka.

Nilikimbia. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka Mama Manka akitokea kwenye migomba na jembe. Aliliangalia gari, akaangalia maji, kisha akageuka na kukimbilia juu. Nilimtukana moyoni, Mungu anisamehe. Nilidhani anawahi maji yake na mwanangu anakufa.

Ufunguo ulikataa kuingia mara mbili. Ulipoingia, mlango wa kusukuma ukafunguka kwa uzito wake, ukagonga mwisho wa reli. Gari likashuka hatua nyingine nzima.

Glory alikuwa ameketi kitandani, kule nyuma kabisa.

"Baba, gari linatembea," akaniambia.

Niliogopa kuingia. Nilihisi nikiweka mguu ndani, uzito wangu ndio utalimalizia. Nikamwita kwa sauti niliyojaribu kuifanya ya kawaida: njoo mama, njoo kwa baba.

Hakuja. Aliinama kutafuta kandambili. Mama yake amemfundisha asitoke nje peku, na huyu mtoto ni msikivu. Akaipata moja, akaanza kutafuta ya pili chini ya kitanda, mimi nimeshikilia mlango, nahisi gari linateleza mkononi mwangu.

Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Nikajilaza kifua kwenye sakafu ya gari, miguu nje, nikanyoosha mkono nikamkamata gauni na kumvuta. Tukaanguka wote kwenye tope.

Ndipo nikagundua maji yamekata. Gari nalo lilikuwa limesimama, tairi la nyuma limebakiza kama futi moja kufika ukingoni.

Nilipanda juu nimembeba mtoto. Nikamkuta Mama Manka ameketi ndani ya mfongo, mgongo wake umeziba lile pengo, maji yako kifuani, mikono inashindilia tope na majani ya mgomba. Mama wa umri ule.

Hakuuliza nani kachomoa jiwe. Aliuliza kitu kimoja.

"Mtoto umemtoa?"

Nikalia hapo hapo, sioni aibu kusema.

Majirani wakaja na kamba, gari likavutwa. Zamu ya maji ilikuwa ya mzee mmoja wa chini, na maharage yake yalikosa maji siku hiyo. Mama Manka akanikatia jani la isale, akanituma nikaombe msamaha. Kwetu, aliyekuja na isale harudishwi. Yule mzee akalipokea, akasema maji yatakuja tena, nenda kakae na mwanao.

Mke wangu aliporudi nilimwambia ardhi iliteleza, na kwamba nilikuwa ndani na Glory, tukaruka pamoja. Glory akasema, "Baba alikuwa nje." Mama yake akadhani mtoto amechanganyikiwa kwa hofu. Nami nikamwacha aamini hivyo.

Nilichojifunza: jina la ukoo halikufundishi shamba. Ukifika mahali uliza, hata kama ni kwenu. Na dakika mbili za mtoto peke yake si dakika mbili.

Tumesharudi nyumbani. Kila tunapomlaza, Glory anauliza kama mlango umefungwa kwa nje. Mke wangu hajui swali hilo linatoka wapi. Kwa yule mzee nilikwenda na isale siku ile ile, lakini kwa mama wa mtoto sijakwenda mpaka leo.

Jioni akitoka kazini nitampa simu asome hapa. Wenye ndoa zenu, niambieni: akimaliza kusoma, nianze na neno gani?